Kadi za harusi za mkono: Faida hupotelea kwenye saa zisizohesabiwa

Na Mwandishi Wetu

KADI ya harusi ni bidhaa ya ajabu kidogo sokoni. Mfanyabiashara wa sukari asipouza leo atauza kesho, na mwenye duka la vitenge akimkosa mteja wa Krismasi atamngoja wa Pasaka. Lakini kadi iliyokwisha kuandikwa majina ya bwana na bibi harusi, ukumbi na tarehe, ina mnunuzi mmoja tu duniani. Mnunuzi huyo akiikataa, au harusi ikiahirishwa, kadi hiyo haiuziki tena hata kwa bei ya karatasi.

Pamoja na hatari hiyo, utengenezaji wa kadi kwa mkono unaendelea kuwavutia watu wa aina mbili mijini. Wa kwanza ni familia zinazotaka kupunguza bajeti ya harusi kwa kujitengenezea kadi nyumbani badala ya kwenda kwa mpiga chapa. Wa pili ni wajasiriamali wadogo wanaoona kuwa kazi hii haihitaji mtaji mkubwa. Mkasi, rula, gundi, karatasi chache za manila na meza ya kulia chakula vinatosha kuanzia.

Swali ambalo makundi yote mawili huchelewa kujiuliza ni moja: je, kadi ya mkono ni nafuu kweli? Jibu linategemea mambo mawili. La kwanza ni idadi ya kadi zinazohitajika. La pili, ambalo ndilo huwaumiza wengi, ni kama saa za kazi zimeingizwa kwenye hesabu au zimesahauliwa.

Kadi ni tiketi

Ili kuielewa biashara hii, ni vyema kukumbuka kazi inayofanywa na kadi katika harusi nyingi za Tanzania Bara. Kadi si salamu tu. Kwanza kamati ya harusi hugawa kadi za kuomba michango. Baada ya hapo, aliyetoa mchango wake hupewa kadi ya mwaliko, ambayo huwa ya mtu mmoja, maarufu kama "singo", au ya watu wawili, yaani "dabo". Mlangoni mwa ukumbi kadi hiyo hukaguliwa kama tiketi, kwa sababu sahani, viti na vinywaji vimelipiwa kwa kichwa.

Hali hii ina maana mbili kwa mtengenezaji. Kwanza, kadi ikipungua au ikichelewa, kuna mtu aliyechanga fedha zake atakayebaki nje ya geti. Hasira yake itamwangukia mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti ataihamishia kwa fundi wa kadi. Pili, idadi ya kadi haijulikani mapema. Wachangiaji wengi hukamilisha ahadi zao wiki ya mwisho, hasa tangu fedha zianze kutumwa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mtu anaweza kumaliza mchango wake usiku wa manane akiwa kitandani.

Hapo ndipo kadi ya mkono inapokuwa na nguvu ambayo mashine haina. Kamati ikihitaji kadi 15 za nyongeza siku 4 kabla ya harusi, fundi wa mkono hukata karatasi na kuendelea. Mpiga chapa naye, hata kama bamba la kuchapia bado analo, hatafurahia kuandaa mashine kwa ajili ya kadi 15, na akikubali atatoza ipasavyo.

Shiti moja, kadi ngapi?

Hasara ya kwanza katika kazi hii hutokea kabla ya gundi kufunguliwa. Hutokea kwenye ukataji.

Vipimo vya karatasi vinavyotumika nchini ni vile vya mfululizo wa A, ambavyo viliwekwa rasmi Ujerumani mwaka 1922 na baadaye kukubaliwa kimataifa. Siri yake ni kwamba kila kipimo ni nusu ya kile kilichokitangulia. A0 ina eneo la meta moja ya mraba, A1 ni nusu yake, na kuendelea hadi A4 ya sentimita 21 kwa 29.7 inayojulikana na kila karani. Kadi ya harusi iliyozoeleka ni A5 iliyokunjwa katikati kuwa A6, nayo huingia katika bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162.

Shiti ya manila ya kipimo cha A1, yaani milimita 594 kwa 841, hutoa vipande 16 vya A5 bila karatasi kutupwa. Lakini fundi akiamua kuiongezea kadi yake sentimita moja tu kila upande ili ionekane kubwa, shiti ile ile kwa mpangilio wa kawaida itatoa vipande 10 tu. Vipande vilivyobaki kandoni havitoshi kadi nyingine.

Tuchukue mfano. Bei zote zitakazotajwa hapa ni za mfano, na kila msomaji aweke za soko lake. Shiti moja ikiwa sh. 2,400, kadi 110 za A5 zitahitaji shiti 7, sawa na sh. 16,800. Kadi 110 za kipimo kilichoongezwa sentimita moja zitahitaji shiti 11, sawa na sh. 26,400. Fundi amepoteza sh. 9,600 kwa ajili ya sentimita ambayo mgeni mwalikwa hataitambua. Zaidi ya hapo, kadi hiyo haiingii tena katika bahasha ya kawaida, na bahasha ya kipimo cha pekee huwa na bei yake.

Ni lazima pia kusema kwamba si kila karatasi inayoitwa manila dukani ni ya A1. Mnunuzi aende na futi kamba. Aidha, aangalie uzito. Uzito wa karatasi hutajwa kwa gramu kwa meta moja ya mraba. Kwa kuwa A1 ni nusu meta ya mraba, shiti 10 za gramu 300 zinapaswa kuwa na kilo moja na nusu kwenye mizani ya dukani. Zikionyesha kilo moja, mnunuzi ameuziwa karatasi ya gramu 200 kwa bei ya gramu 300, na kadi zake zitalegea mkononi.

Gharama ya kadi 100

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Chukua kadi ya kawaida: jalada la manila, karatasi laini ya ndani yenye maneno yaliyochapwa steshenari, utepe, ua dogo la karatasi na bahasha.

Manila ni sh. 150 kwa kadi. Bahasha sh. 200. Karatasi ya ndani, ambayo A4 moja hutoa 4, ni sh. 50 pamoja na kuchapa. Utepe wa sentimita 40 kutoka katika rola ya meta 20 inayouzwa sh. 4,000 ni sh. 80. Gundi na ua ni sh. 70. Jumla ya malighafi ni sh. 550.

Lakini mkono hukosea. Utepe huenda upande, gundi huvuja, kisu huteleza. Anayetaka kukabidhi kadi 100 nzuri ni vyema apange kutengeneza 110. Kwa hiyo malighafi ya kadi 100 zinazokabidhiwa si sh. 55,000 bali ni sh. 60,500. Ongeza nauli ya kwenda Kariakoo kununua na nauli ya kupeleka mzigo kwa mteja, tuseme sh. 8,000. Sasa imefika sh. 68,500.

Hapa ndipo wengi hufunga daftari. Fundi akiuza kadi kwa sh. 1,000, anapokea sh. 100,000, anatoa sh. 68,500, na anasema amepata faida ya sh. 31,500.

Hiyo si faida. Kadi moja ikichukua dakika 12 kuanzia kukata, kukunja, kubandika, kufunga utepe hadi kuandika jina la mwalikwa, kadi 110 huchukua saa 22. Kama saa moja ya fundi ina thamani ya sh. 1,500, kazi hiyo ni sh. 33,000. Gharama kamili ya oda basi ni sh. 101,500. Fundi aliyeuza kwa sh. 100,000 amepata hasara ya sh. 1,500 bila kujua, na alichokiita faida ni ujira wake mwenyewe, tena pungufu.

Mteja akimshusha hadi sh. 900 kwa kadi, hali inakuwa mbaya zaidi. Baada ya malighafi na nauli zinabaki sh. 21,500, ambazo zikigawanywa kwa saa 22 hazifiki sh. 1,000 kwa saa. Fundi kama huyo hafungi biashara kwa kishindo. Huchoka taratibu, halafu siku moja akaacha, akidhani kosa lilikuwa ni wateja kukosekana.

Pale mashine inaposhinda

Familia inayojitengenezea kadi nayo ina hesabu yake, na ni hesabu inayodanganya zaidi.

Mpiga chapa wa mashine ana gharama za aina mbili. Kuna gharama ya maandalizi, yaani kusanifu kadi, kutengeneza bamba na kuandaa mashine, ambayo ni ile ile awe anachapa kadi 50 au 500. Kisha kuna gharama ya kila kadi, ambayo huwa ndogo. Kadi ya mkono ni kinyume chake. Haina maandalizi makubwa, lakini kadi ya mia inakula muda ule ule uliotumiwa na kadi ya kwanza.

Tuseme mpiga chapa anatoza sh. 80,000 za maandalizi na sh. 400 kwa kila kadi pamoja na bahasha. Kwa kadi 50 atadai sh. 100,000, sawa na sh. 2,000 kila moja. Kadi 50 za mkono, kwa hesabu kamili yenye ujira, nauli na zilizoharibika, ni sh. 54,750, sawa na sh. 1,095 kila moja. Mkono umeshinda kwa mbali.

Kwa kadi 300 mambo hugeuka. Mashine ni sh. 200,000, mkono ni sh. 288,500. Mstari wa kugawanya njia mbili hizi upo kwenye kadi 134. Chini ya hapo mkono ni nafuu, na kuanzia kadi 135 mashine ni nafuu.

Lakini kama familia haihesabu ujira, mstari huo huonekana uko kwenye kadi 351. Kati ya kadi 135 na 351 ndipo palipo na mtego. Familia yenye wageni 250 itapiga hesabu ya malighafi na nauli, itapata sh. 159,250, italinganisha na sh. 180,000 za mpiga chapa, na itafurahi kuwa imeokoa sh. 20,750. Kumbe imejipa kazi ya saa 55. Wakikaa saa 4 kila jioni, ni jioni 14, yaani wiki 2 nzima, tena zile wiki ambazo bado kuna ukumbi wa kulipia, sare za kushona na wageni wa mikoani wa kupokea. Saa hizo zikilipwa, kadi zile zimegharimu sh. 241,750, na familia imezidi bei ya mpiga chapa kwa sh. 61,750.

Kwa upande mwingine, ni haki kusema kwamba si kila saa ina mnunuzi. Kama mashangazi na wadogo wa bibi harusi wanakusanyika jioni, wanabandika kadi huku wakinywa chai na kumfunda mwali, kazi hiyo ni sehemu ya sherehe na hakuna atakayedai ujira. Tatizo linakuja pale saa hizo zinapokuwa za mtu mmoja aliyetoka kazini amechoka, au za mama mwenye genge ambalo linafungwa ili yeye akate karatasi. Saa ya mama mwenye genge ina bei, na bei yake inajulikana kwa kuangalia mauzo aliyoyakosa.

Mashine mpya na kadi za simu

Mstari wa kadi 134 si wa kudumu. Mashine za chapa za kidijitali hazihitaji bamba, hivyo gharama ya maandalizi hushuka, ingawa bei ya kila kadi hupanda. Kama mwenye mashine hiyo anatoza sh. 20,000 za maandalizi na sh. 800 kwa kadi, mstari unashuka hadi kadi 88. Soko la fundi wa mkono linabanwa kutoka juu.

Linabanwa pia kutoka chini. Siku hizi kamati nyingi hutuma kadi kwa WhatsApp, nyingine zikiwa na alama ya mraba inayosomwa na simu mlangoni. Kadi ya namna hiyo haihitaji bahasha wala nauli, na mtu aliyeko Mwanza huipata dakika ile ile anayoipata mtu wa Temeke.

Je, fundi wa mkono amekwisha? Hapana, ila ni lazima ajue anauza nini. Anayeshindana na simu kwa bei amekwisha kushindwa, kwa kuwa hawezi kutengeneza kadi ya karatasi kwa gharama ya picha. Kilichobaki mikononi mwake ni heshima. Wapo wageni ambao familia haiwezi kuwatumia picha: baba mkubwa aliyelea, mjomba atakayesimama mbele ya mahari, mchungaji au shehe atakayefungisha ndoa, bosi wa bwana harusi, mgeni rasmi. Kwa hao kadi hupelekwa kwa mikono miwili na huwekwa sebuleni mwaka mzima.

Kwa hiyo oda inayomfaa fundi si ya kadi 300 za kila mtu, bali ni ya kadi 40 hadi 80 za watu wa mbele, wakati wengine wote wanapata kadi ya mashine au ya simu. Idadi hiyo ipo chini ya mistari yote miwili iliyotajwa, na ndiyo yenye mteja asiyebishana sana juu ya bei. Hapo fundi anaweza kutumia malighafi ambayo mashine haiwezi kuigusa, kama magome ya mgomba yaliyokaushwa, ukindu au vipande vya kitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Magome yakaushwe barabara, kwani yenye unyevu huota ukungu ndani ya bahasha, hasa miezi ya masika katika miji ya pwani.

Kadi ya mkono ina faida nyingine isiyosemwa sana. Kadi ya mashine inaweza kutolewa nakala na mtu asiyechanga akaingia ukumbini. Kadi yenye utepe, gome na namba iliyoandikwa kwa mkono ni vigumu kuigiza. Fundi aandike namba kwenye kadi na kwenye orodha ya kamati, na kazi hiyo aitoze.

Msimu unahama

Mwenye kuweka fedha katika biashara hii ni lazima asome kalenda mbili. Kwa Wakristo wengi, hasa Wakatoliki, harusi hupungua sana wakati wa Kwaresima na kufunguka baada ya Pasaka, na Desemba huwa na msongamano. Kwa Waislamu, harusi hukimbizwa kabla ya Ramadhani na kurudi baada ya Idi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kawaida.

Matokeo yake ni kwamba misimu miwili ya ukimya wakati mwingine hugongana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza Machi 1 au 2, na Jumatano ya Majivu ikawa Machi 5. Fundi aliyekuwa na akiba ya manila mwezi huo hakuwa na mteja wa msikitini wala wa kanisani. Miaka inavyosonga, Ramadhani itafika Januari na hatimaye Desemba, kiasi kwamba mwaka 2030 unatarajiwa kuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja Januari na mwingine Desemba. Mwenye mtaji mdogo asinunue utepe na bahasha za miezi 6 bila kuangalia tarehe hizo.

Arbuni kwanza, mkasi baadaye

Kwa kuwa kadi yenye majina haiuziki kwa mwingine, kanuni ya kwanza ya biashara hii ni malipo ya awali. Katika mfano wa kadi 100, fundi anayeuza kwa sh. 1,300 atapata sh. 130,000. Akitoa gharama zote pamoja na ujira wake anabakiwa na sh. 28,500, na hiyo ndiyo faida halisi. Fedha zinazotoka mfukoni kabla ya kukabidhi ni sh. 68,500, zaidi kidogo ya nusu ya bei. Fundi anayepokea arbuni ya theluthi moja anamkopesha mteja wake bila riba na bila dhamana. Arbuni ya asilimia 70, yaani sh. 91,000, inalipia malighafi, nauli na theluthi mbili ya ujira. Hapo harusi ikivunjika, fundi hajavunjika nayo.

Kanuni ya pili ni kadi ya mfano. Kabla ya kukata shiti ya pili, kadi moja kamili ipelekwe kwa familia zote mbili, isomwe kwa sauti, na mwakilishi wa kila upande aweke sahihi nyuma yake. Makosa ya kawaida ni yale yale: jina la ukoo lenye herufi moja iliyozidi, Jumamosi ambayo kwenye kalenda ni Ijumaa, jina la mzazi aliyefariki kukosa neno "marehemu", na saa ya Kiswahili kuchanganywa na ya Kizungu. Ukiandika saa 2:00 bila kueleza kuwa ni usiku, yuko mgeni atakayefika alasiri. Kosa lililogunduliwa kwenye kadi ya mfano linagharimu sh. 550. Kosa hilo hilo likigunduliwa kwenye kadi ya 100 linagharimu oda nzima, pamoja na jina la fundi.

Kanuni ya tatu inahusu ufundi wenyewe. Manila hukatwa kwa kisu na rula ya chuma, kwani mkasi huacha kingo zenye mawimbi. Kabla ya kukunja, mstari upitishwe kwanza kwa kitu butu, kama mgongo wa kisu, na mkunjo ufuate upande ambao karatasi inapinda kwa wepesi. Ukienda kinyume chake, karatasi nene hupasuka mgongoni. Gundi ya maji itumike kidogo kwa sababu hukunja karatasi. Gundi ya utepe wa pande mbili ni ghali zaidi, lakini huokoa kadi nyingi. Maneno yaliyochapwa kwa wino wa maji yasiguswe na mkono wenye jasho.

Kuwekeza au kungoja?

Swali la mwekezaji mdogo ni kama inafaa kununua mashine ya kukatia karatasi. Tuseme mashine ya mkono inauzwa sh. 180,000 na inapunguza muda wa kadi moja kutoka dakika 12 hadi 9. Katika oda ya kadi 100, pamoja na zile 10 za ziada, inaokoa saa 5 na nusu, sawa na sh. 8,250. Itahitaji oda 22 ili irudishe fedha yake. Mwenye oda 2 kwa mwezi atangoja miezi 11. Baada ya hapo gharama yake inashuka, na mstari wa kuipita mashine ya chapa unasogea kutoka kadi 134 hadi 159. Mwenye oda moja kila baada ya miezi 3 atangoja zaidi ya miaka 5, na ni afadhali aendelee na kisu na rula, au alipie kukatiwa kwa mpiga chapa wa jirani.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa sh. 20,000, vikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 4 kwa mwaka. Fundi anayeuza oda 2 za sh. 130,000 kila mwezi ana mauzo ya sh. 3,120,000 kwa mwaka. Akifikisha oda 3 kwa mwezi, mauzo yanakuwa sh. 4,680,000. Mtu anaweza kuvuka kiwango kama hicho akiwa mezani kwake na mkasi, na asiye na daftari hatajua amekivuka lini.

Daftari hilo halihitaji elimu ya uhasibu. Linahitaji safu nne: malighafi, zilizoharibika, nauli na saa. Safu ya kwanza kila mtu huiandika. Ya nne huachwa wazi, kwa sababu hakuna anayempa mwenye kukata karatasi risiti ya usiku wake. Anayetaka kujua kama kadi zake zinamlipa aanze kwa kuijaza hiyo.